Waipa Zinapogoma kwenye Pikapu ya Zamani: Namna ya Kutafuta Ubovu na Kuutengeneza

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo waipa za gari hukaa karibu nusu mwaka zikipigwa jua na kubeba vumbi bila kufanya kazi yoyote. Mvua ya kwanza inaposhuka, mwenye pikapu huwasha swichi na kukutana na mojawapo ya mambo matatu: ukimya, mngurumo usio na mwendo, au waipa zinazojikokota hadi katikati ya kioo na kubaki hapo hapo. Wengi huhukumu papo hapo kwamba mota imekufa, wakaenda kutafuta nyingine ya mtumba. Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi. Kwenye pikapu yenye umri wa miaka 20 au 30, mota ndiyo inayopaswa kushitakiwa mwisho, baada ya fyuzi, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) na hasa vyuma vinavyoiunganisha na mikono ya waipa kuthibitika kuwa vizima. Na anayefunga mota mpya kwenye vyuma vilivyoshika kutu anaipeleka mota hiyo kwenye kifo kilekile kilichoiua ya kwanza.

Maelezo haya yanahusu pikapu ambazo mtu huziona kila siku kati ya Iringa, Njombe na Mbeya, yaani Toyota Hilux na Land Cruiser, Nissan, Isuzu, Mitsubishi L200 na nyingine za rika lao. Mpangilio wake haupishani sana. Vifaa vinavyohitajika ni spana namba 8, 10, 12 na 14, bisibisi bapa na ya nyota, koleo, taa ya kupimia umeme ambayo mafundi huiita tesa, mita ikipatikana, msasa laini, grisi, mafuta ya kulegeza kutu na fyuzi mbili au tatu za akiba. Kabla ya kugusa waya wowote, hakikisha gari lako linatumia volti 12 au 24, kwa sababu baadhi ya magari ya dizeli ya zamani yana betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, na mota ya volti 12 haitadumu kwenye volti 24.

Sikiliza kwanza

Mwagia kioo maji, kwa sababu kioo kikavu chenye vumbi huongeza mzigo na kukupa majibu ya uongo. Weka swichi ya gari kwenye hatua ya ON bila kuwasha injini, zima redio na feni, fungua boneti, kisha mwombe mtu mwingine awashe waipa kwa mwendo wa kwanza huku wewe umesimama upande wa mota. Mikono yako ikae mbali na vyuma, kwa maana mota hiyo imepunguzwa kasi kwa gia na hivyo ina nguvu ya kutosha kuvunja kidole.

Ukisikia mota inazunguka vizuri lakini waipa zimelala, umeme ni mzima na ubovu uko kwenye chuma: ama nati imelegea, ama meno ya mkono wa waipa yamelika, ama fimbo imechomoka kwenye kifundo chake. Mkono mmoja ukitembea na mwingine ukabaki, tazama nati ya ule uliobaki kabla ya kuwaza jambo jingine. Ukisikia mota inaguna kwa chini bila kuzunguka, zima mara moja, kwa kuwa mota iliyokwama hula umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na umeme huo ndio unaochoma fyuzi, kuyeyusha plagi na kuunguza miguu ya swichi. Ukimya kamili unakurudisha kwenye fyuzi, plagi, swichi, ethi au kaboni za ndani ya mota, yaani vipande vinavyosugua na kuipa umeme sehemu inayozunguka.

Zipo pia dalili za katikati ambazo zina maana yake. Waipa zinazokwenda kasi tu, na kukataa mwendo wa polepole, zinaonyesha kaboni ya mwendo huo imekwisha au mguu wake ndani ya swichi umeungua, kwani mota nyingi za aina hii zina kaboni tatu: moja ni ya pamoja, ya pili ni ya polepole, na ya tatu, iliyowekwa pembeni kidogo, ni ya kasi. Waipa zinazosimama popote zilipo unapozima swichi, badala ya kurudi chini na kulala, zina hitilafu kwenye miguu midogo ya shaba iliyomo ndani ya kifuniko cha gia, ambayo kazi yake ni kuendelea kuipa mota umeme hadi mikono ifike mahali pake. Waipa zinazokwenda polepole kupita kiasi katika mwendo wowote zina ethi mbaya au mihimili mizito (vyuma vinavyozungusha mikono ya waipa), na ya pili ndiyo hutokea zaidi huku kwetu.

Fyuzi, bila njia za mkato

Boksi la fyuzi mara nyingi liko chini ya dashibodi, na magari mengine yana la pili karibu na betri. Fyuzi ya waipa kwa kawaida ni ya ampea 15 au 20. Soma kifuniko cha boksi uhakikishe. Usiridhike kwa kuitazama tu, kwa kuwa fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana au miguu iliyoota kutu. Ifungie tesa kwenye hasi, weka swichi ya gari ON, kisha gusa vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya fyuzi: taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima, ikiwaka upande mmoja, imekatika, isipowaka upande wowote, umeme haufiki kwenye boksi na tatizo si la waipa peke yake.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe mara moja tu kwa nyingine ya kiwango kilekile. Ikikatika tena, chomoa plagi ya mota na ujaribu upya. Ikivumilia ukiwa umechomoa plagi, mzigo uko kwenye mota au kwenye vyuma. Ikikatika hata hivyo, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, na mahali pa kuanzia kuutafuta ni pale waya zinapopenya ukuta wa injini, ambapo mpira wa kuzikinga huoza na kuacha bati lenye makali, na pia nyuma ya redio ikiwa iliwahi kufungwa na mtu mwenye haraka. Kuweka fyuzi ya ampea 30, kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi ya bei ndogo kwenda kwenye mkungu mzima wa waya.

Kupima kwenye plagi ya mota

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo ni vema kwenda taratibu. Chomoa plagi, isafishe, itazame kama ina kijani cha kutu au plastiki iliyoyeyuka, kisha ifungie tesa kwenye hasi ya betri na uguse miguu ya plagi mmoja baada ya mwingine huku mwenzako akibadilisha swichi. Kwa magari mengi utapata mguu mmoja wenye umeme wakati wote swichi ya gari ikiwa ON, mwingine unaowaka kwenye mwendo wa polepole, na mwingine kwenye mwendo wa kasi. Umeme ukifika sawasawa na mota haizunguki hata vyuma vikiwa vimeondolewa, hapo ndipo mota inapokuwa na kesi ya kujibu.

Baadhi ya magari ya Kijapani ya zamani, hata hivyo, yamepangwa kinyume: mota inapata chanya wakati wote na swichi inakata na kuunganisha upande wa hasi. Ukikuta mguu mmoja tu ndio unaowaka katika hatua zote, usikimbilie kuilaumu swichi. Hamishia kibanio cha tesa kwenye chanya ya betri na upime tena. Kama taa sasa inawaka na kuzimika kufuatana na swichi, mfumo wako ni wa aina hiyo na swichi haina kosa.

Kwa kazi hii ninaipendelea tesa ya balbu kuliko mita. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kamili kupitia unyuzi mmoja wa waya uliosalia kati ya nyuzi ishirini, nawe ukaamini kwamba njia ni nzima, ilhali balbu inahitaji umeme wa kweli ili iwake, na ikiwaka kwa unyonge inakuambia kwamba njia imebana.

Mita ina nafasi yake kwenye ethi. Rudisha plagi, weka mita kwenye volti za DC, gusisha ncha moja kwenye chuma cha mota na nyingine kwenye hasi ya betri yenyewe, kisha washa waipa. Ethi nzuri itaonyesha takriban volti 0.2 au chini ya hapo. Ukiona volti 1 au zaidi, umeme unapata shida kurudi nyumbani. Asiye na mita achukue waya mnene, auguse kwenye chuma cha mota na kwenye hasi ya betri: waipa zikifufuka, kazi ya kutafuta imekwisha. Mota nyingi hukaa juu ya bushi za mpira ili zisipige kelele, na kwa sababu mpira haupitishi umeme, hutegemea waya mdogo wa ethi au kipande cha bati chini ya bolti moja. Kwenye Toyota waya huo mara nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi. Fungua bolti yake, piga msasa hadi chuma king'ae pande zote mbili, kaza, kisha paka grisi juu yake ili maji yasirudi. Waya ukiwa umeoza, weka mpya wenye unene wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye mota hadi sehemu safi ya bodi.

Vyuma na mihimili: chanzo cha matatizo mengi

Chini ya kioo cha mbele, kati yake na boneti, kuna mfereji uliofunikwa kwa grili ya bati au plastiki. Ndani ya mfereji huo, au nyuma yake, ndimo zinamokaa fimbo zinazosukuma mihimili miwili ya waipa. Mhimili ni chuma cha unene wa kidole kidogo kinachozunguka ndani ya nyumba yake, na nyumba hiyo mara nyingi ni ya aluminiamu. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja kwenye unyevu huota ungaunga mweupe unaobana mhimili kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, bila dereva kujua, kwa sababu mota inaendelea kuvumilia hadi siku isipoweza tena.

Mazingira yetu yanaongeza mengine. Pikapu inayobeba mbolea ya viwandani kupeleka kwa wakulima wa viazi wa Uporoto inapokea vumbi la chumvichumvi ambalo likichanganyika na umande hula chuma kwa kasi. Pikapu inayolala chini ya miti ya paini Sao Hill au mikaratusi ya Mufindi hujaza mfereji huo kwa sindano na majani, matundu ya kutolea maji yakaziba, na maji yakasimama yakiiloweka mihimili na wakati mwingine mota yenyewe. Kwenye miteremko ya Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, maji hayo hayapati nafasi ya kukauka kabla ya mengine kuja. Kusafisha mfereji na matundu yake kila mwisho wa Oktoba ni kazi ya nusu saa, na sijui kazi nyingine ya nusu saa yenye faida kubwa kuliko hiyo kwa waipa.

Jaribio linalotenganisha mota na vyuma ni rahisi. Tenganisha fimbo na mkono mdogo wa mota kwa kupenyeza bisibisi bapa kwenye kifundo chao na kukikweza taratibu, kisha washa mota peke yake. Ikizunguka kwa ulaini, izime, nyanyua mipira ya waipa kutoka kwenye kioo na usogeze mikono kwa vidole viwili. Inapaswa kwenda na kurudi bila ubishi. Ukilazimika kutumia mkono mzima, mihimili imeshika, na sababu ya fyuzi zako zote kukatika umeipata.

Ili kuitoa mihimili, anza kwa kubandika vipande vya selotepu juu ya kioo mahali mipira inapolala, kwa kuwa alama hiyo itakuokoa wakati wa kurudisha. Chomoa waya wa hasi wa betri. Kunja kitambaa kinene na ukilaze juu ya kioo chini ya kila mkono, maana mkono wenye springi ukiponyoka bila mpira unaweza kupasua kioo cha mbele, na kioo ni ghali kuliko kila kitu kinachozungumzwa hapa. Ondoa kifuniko cha nati, legeza nati mizunguko michache bila kuitoa kabisa, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha tikisa mkono upande huu na upande huu hadi ujiachie kwenye meno. Usiupige nyundo, ukikataa kabisa, tafuta puli (kifaa cha kuvutia) ndogo ya miguu miwili. Mkono ukishatoka, fungua grili, kisha bolti zinazoshikilia mihimili, na uvute seti nzima ya fimbo kupitia kwenye tundu kubwa la mfereji.

Mezani, futa uchafu na utazame kichwa cha mhimili. Kwa kawaida utaona pete ndogo ya chuma inayobana kwenye mfuo wake, washa (pete bapa) moja au mbili, na pete ya mpira ya kuzuia maji. Toa pete ya chuma kwa ncha ya bisibisi huku umeifunika kwa kidole ili isiruke. Loweka kwa mafuta, kisha gonga mhimili kwa kipande cha mbao ngumu na nyundo nyepesi, ukiugeuza mara kwa mara. Utatoka kwa shida milimita moja moja, ukiwa na mistari ya kahawia na ule ungaunga mweupe. Piga mhimili kwa msasa laini hadi uwe na mng'ao sawasawa, na nyumba yake uisafishe kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kwa uangalifu wa kuondoa kutu bila kupanua tundu. Pakaa grisi ya beringi kwa wingi, badilisha pete ya mpira kama imekatika, rudisha. Mhimili uliosafishwa vizuri huzunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Usitumie oili ya injini badala ya grisi, kwa kuwa huoshwa na mvua za wiki chache na kabla ya hapo hukusanya vumbi.

Baadhi ya mihimili imefungwa kwa ribiti kiwandani na haifunguki. Kwa mihimili ya aina hiyo, toboa tundu la milimita 3 kwenye ubavu wa nyumba yake bila kuugusa mhimili, sukuma mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu hilo huku ukiuzungusha, kisha jaza grisi kwa bomba la sindano na uzibe tundu kwa skrubu fupi au silikoni. Si kazi ya kiwandani, lakini inafanya kazi.

Tazama pia vifundo vya fimbo. Bushi zake za plastiki zikilika, waipa hupiga ukingo wa kioo au hugongana zenyewe kwa zenyewe, na siku moja fimbo huchomoka katikati ya mvua. Waya wa kufungia utakufikisha nyumbani na si zaidi. Fundi wa kuchonga anaweza kukutengenezea bushi ya nailoni ukimpelekea kifundo chenyewe apime. Meno yakiwa yamelika, aghalabu ni ya mkono, kwa kuwa kitako chake ni laini kuliko chuma cha mhimili. Safisha mifuo kwa brashi ya waya na ukaze nati vizuri. Ukiteleza tena, nunua mkono, usiuchomelee kwenye mhimili, kwani siku ya kuutoa utalazimika kukata vyote viwili.

Ikibidi kufungua mota

Vyuma vikiwa vyepesi, ethi ikiwa safi, umeme ukiwa unafika, na mota bado imelala, igonge ubavuni kwa mpini wa bisibisi mara moja au mbili wakati swichi ikiwa ON. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zimekwisha au zimekwama kwenye njia zake. Usiigonge kwa nguvu, kwa sababu sumaku zilizobandikwa ndani hupasuka.

Weka alama ya rangi kati ya mkono mdogo na ekseli ya mota kabla ya kufungua nati yake, kisha itoe na ufungue kifuniko cha gia. Grisi ya miaka thelathini huwa imekauka kama ugali wa kiporo, na mara nyingine hiyo peke yake inatosha kuifanya mota iwe nzito. Ikwangue yote, kagua meno ya gia ya plastiki, na utazame sahani ya shaba iliyo juu yake pamoja na ile miguu midogo inayoigusa. Hiyo ndiyo inayoamua waipa zilale wapi. Isugue kwa msasa laini, ikunje miguu kidogo sana ili iguse kwa shinikizo, na usiweke grisi nyingi juu yake.

Ganda la mota linapovutwa, amecha (sehemu inayozunguka ndani ya mota) hung'ang'ania sumaku na kaboni huruka nje kwa springi zake, kwa hiyo funua polepole juu ya kitambaa cheupe na uangalie gololi ndogo inayokaa mwisho wa ekseli katika mota nyingine, kwani ikipotea mota italia daima. Kaboni iliyobaki milimita 4 au 5 haina maisha marefu. Mafundi wa kusuka mota na alternata huwa na kaboni za akiba ambazo huweza kusuguliwa hadi zikatoshea. Muhimu ni zipite kwenye njia yake bila kubana, na mkia wake wa shaba uungwe kwa risasi ya kulehemu, si kwa kuviringishwa tu. Sehemu ya shaba inayosuguliwa na kaboni isafishwe kwa msasa wa karatasi wa kioo, si ule mweusi wa chuma, ambao chembe zake hupitisha umeme, na mifereji iliyo kati ya vipande vyake ichokonolewe kwa sindano ya kushonea. Ili kuzirudishia kaboni juu ya amecha, zirudishe nyuma kwa uzi, ingiza amecha, kisha uvute uzi utoke.

Unaponunua mota ya mtumba, linganisha plagi, idadi ya miguu yake na mwelekeo wa matundu ya bolti, na uulize ilitoka kwenye gari la usukani wa upande gani. Mota ya gari la usukani wa kushoto inaweza kuzunguka vizuri na bado ikazilaza waipa zako katikati ya kioo. Ijaribu dukani kwa betri yenye fyuzi njiani, mwendo wa polepole na wa kasi, kabla ya kulipa.

Swichi, rilei, na kishawishi cha swichi ya pembeni

Miendo miwili ikifanya kazi na ule wa kupumzikapumzika ukakataa, shuku rilei yake (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), ambayo katika magari mengine imo ndani ya swichi yenyewe. Mtu anaweza kuishi bila mwendo huo kwenye mvua nzito za Tukuyu, ila kwenye ukungu wa Kitonga au wa Uporoto, ambao hulowanisha kioo bila kunyesha, ataukumbuka. Swichi hufikiwa kwa kufungua makava ya chini ya usukani. Miguu iliyofanya weusi husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, na plastiki iliyoyeyuka ni ushahidi kwamba kulikuwa na mzigo mkubwa ambao lazima uondolewe kwanza.

Njia inayopendwa mitaani ni kuvuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye mota kupitia swichi ndogo iliyotobolewa kwenye dashibodi. Siipendi. Waipa hazilali tena mahali pake, mwendo wa pili unapotea, na mara nyingi fyuzi haiwekwi kabisa. Anayelazimika kufanya hivyo msimu ukiwa umeshamkuta aweke angalau fyuzi ya ampea 15 karibu na betri.

Waipa zikikufia safarini, hasa kwenye kona za Kitonga au mteremko wa Mlima Nyoka, washa taa za hatari, punguza mwendo na utafute mahali papana nje ya barabara kabla ya kufungua boneti. Wapo wanaosugua kioo kwa kiazi kibichi kilichokatwa ili maji yateleze. Kinasaidia kidogo mchana, mvua ikiwa nyepesi. Usiku, taa za malori zinapokujia, hakisaidii lolote.

Kurudisha

Kabla ya kufunga mikono, rudisha vyuma, unganisha betri, washa waipa kwa muda mfupi kisha uzime, ili mota ijipeleke yenyewe kwenye sehemu yake ya kulala. Sasa weka mikono kufuata alama za selotepu na ukaze nati kwa kiasi, ukikumbuka kwamba kukaza kupita kiasi ndiko kunakoua meno. Mipira iliyokakamaa kwa jua ibadilishwe, na kioo kioshwe kwa sabuni ya vyombo kuondoa utando wa mafuta ya dizeli, maana mpira mpya juu ya kioo chenye mafuta utatetema na kuchora mistari.

Mwaga maji mengi juu ya kioo na uwashe mwendo wa polepole, kisha wa kasi. Mwendo wa kasi huirusha mikono mbali kidogo zaidi, kwa hiyo mpira uliokuwa ukipita karibu na nguzo ya kioo kwenye mwendo wa kwanza unaweza kuigonga kwenye wa pili. Ukiigonga, toa mkono na uurudishe jino moja nyuma. Zima na utazame unapolala, rudia mara chache, kisha shika ganda la mota kwa mkono: likiwa vuguvugu tu baada ya dakika kumi za kazi juu ya kioo kilicholowa, funga boneti.